Kabla Hujalipia Mustang: Kusoma Historia na Thamani ya Gari la Kale Jijini Nairobi

Anayenipigia simu kuhusu gari la kale huanza na hadithi. Lilikuwa la balozi. Lilikuwa la mama mmoja wa Karen aliyeenda nalo kanisani tu. Lilikimbia Safari Rally. Namwacha amalize, kisha namwuliza nambari ya chesisi. Wengi hawana. Wameshapatana bei, wengine wameshatoa arbuni, na nambari hiyo hawajaitazama hata mara moja.

Mimi ni mkadiriaji wa magari. Kwa miaka mingi nilikagua magari yaliyogongwa kwa niaba ya kampuni za bima, na sasa nina ofisi ndogo Ngara, juu ya duka la vipuri, mwendo mfupi kutoka Grogan. Wateja wangu wanataka kununua, kuuza au kuwekea bima magari yasiyopatikana kwenye jedwali lolote la bei: Peugeot 504, Datsun 240Z, Mercedes W123, Land Rover za enzi za mkoloni. Mara chache huja yale ya Kimarekani ya miaka ya 60 na mwanzo wa miaka ya 70, magari ya misuli, yaani yenye injini kubwa na nguvu nyingi: Mustang, Camaro, GTO, Charger, 'Cuda. Hayo ndiyo nitakayoyazungumzia, maana ndiyo yanayobeba pesa nyingi na uongo mwingi kwa pamoja. Njia yenyewe inafaa hata kwa 504 ya baba yako.

Lilifikaje hapa?

Ukiona Mustang ya 1967 imeegeshwa Nairobi, jiulize kwanza iliingilia mlango gani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na gari la usukani wa kushoto halisajiliwi isipokuwa liwe la kazi maalumu kama ambulensi au zimamoto. Gari la misuli linagonga mwamba kwa masharti yote mawili. Basi lililopo hapa ama liliingia zamani, kabla ya masharti hayo, ama lilikuja na afisa wa ubalozi au wa shirika la kimataifa, ama linatembelea karatasi za gari lingine. La tatu hilo usilikaribie hata likiuzwa kwa bei ya bodaboda.

Kuna kipimo kimoja cha haraka. Ford haikutengeneza Mustang ya usukani wa kulia kiwandani hadi kizazi kilichoanza kuuzwa 2015. Kwa hiyo kila Mustang ya zamani yenye usukani wa kulia ilihamishiwa usukani na mtu fulani, mahali fulani. Kuhamisha si kosa, na kwa barabara zetu ni afadhali. Ila anayekwambia "imetoka kiwandani hivi" ama hajui anachouza, ama anakupima.

Kama gari lilikuwa la ubalozi, omba hati za forodha. Mabalozi huingiza magari bila kulipa ushuru, na gari likihamia kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru unadaiwa. Usipouona ushahidi kwamba ulilipwa, deni hilo linaweza kukufuata wewe.

Na hiyo hadithi ya Safari Rally? Haina budi kuthibitishwa kama nyingine yoyote. Ni kweli magari ya Kimarekani ya V8, yaani ya silinda nane, yalishiriki: mwaka 1964 kikosi cha Mercury Comet kililetwa East African Safari, na zilizofika mwisho zilikuwa mbili tu, huku ushindi ukienda kwa Ford Cortina GT ya Peter Hughes. Lakini magari yaliyoshiriki yana orodha, yana nambari za mlangoni, yana picha magazetini. Maktaba ya McMillan pale Banda Street ina magazeti ya miaka hiyo. Gari lenyewe nalo huwa na makovu: matundu ya taa za ziada yaliyozibwa, bati nene chini ya injini, nyongeza za kuchomelea kwenye viungo vya springi. Muuzaji asiye na picha, asiye na karatasi, na asiye na tundu hata moja la kukuonyesha, anakuuzia gari la kawaida.

Karatasi kwanza, ukiwa bado nyumbani

Usiende kuliona gari kabla hujatafuta rekodi zake. Ukishaliona utalipenda, na ukishalipenda hutasoma karatasi kwa jicho kavu.

Ingia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, ulipie utafutaji wa nambari ya usajili. Ada haifiki shilingi elfu moja. Utapata jina la mmiliki wa sasa, mwaka, rangi, nambari ya chesisi na ya injini, na kama kuna benki inayolidai. Linganisha na logbuku, hati ya umiliki wa gari. Halafu mwambie muuzaji akutumie picha ya nambari iliyogongwa kwenye bati la gari lenyewe, siyo ile ya kwenye karatasi. Atakayekwambia "njoo tu uone mwenyewe" muulize tena.

Angalia namba ya gari. Magari yaliyosajiliwa zamani yana herufi tatu zinazoanza na K, kisha tarakimu, bila herufi ya mwisho. Gari linalosemekana kuwa hapa tangu miaka ya 70 likiwa na namba ya mfululizo mpya wa KAA na kuendelea, lazima kuwe na maelezo. Pengine lilikuwa na namba za ubalozi kwanza. Pengine lilikaa miaka bila kusajiliwa. Maelezo hayo yawe na karatasi.

Kama kuna logbuku ya zamani, ile ya kijitabu, mwombe mwenye gari asiitupe hata kama panya wameila nusu. Majina na mihuri iliyo ndani yake ndiyo mnyororo wa umiliki. Nimeona mtu akitupa kijitabu kwa sababu "kuna mpya ya NTSA", na pamoja nacho akatupa ushahidi pekee kwamba gari lilikuwa Nairobi kabla ya yeye kuzaliwa.

Watu wengi hawajui kwamba Gazeti Rasmi la Kenya ni hazina. Linatoka kila Ijumaa na matoleo ya zamani yanasomeka mtandaoni. Tafuta humo nambari ya usajili na majina ya waliowahi kulimiliki gari. Gereji ikitaka kuuza gari lililotelekezwa, sheria ya mali zisizochukuliwa, Sura ya 38, inaidai itangaze, na tangazo hutaja namba ya gari pamoja na mwenyewe. Gari la kale lililokaa gereji muongo mzima mara nyingi lina tangazo kama hilo. Matangazo ya mirathi pia yamo humo, na ndiyo yatakayokuambia kwamba yule "mmiliki" kwenye rekodi alifariki zamani.

Hilo la marehemu ni jambo la kawaida sana kwa magari ya umri huu. Kama jina kwenye rekodi ni la mtu aliyekufa, hakuna mwana, mjane wala mpwa anayeweza kukuuzia kwa maneno ya mdomo. Anahitaji hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, tena iliyothibitishwa. Bila hiyo, unachonunua ni kesi.

Nambari zinavyosomwa

Nambari ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 ilianza kuwa lazima Marekani kwa magari ya mwaka wa 1981. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake, na nambari huwa fupi. Kwa hiyo ukikuta nambari fupi usidhani imekatwa, na ukikuta gari la 1969 lina nambari ya herufi 17, hapo ndipo pa kushtuka.

Chukua Mustang maarufu kuliko zote, ile iliyoendeshwa na Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya 1968. Nambari yake ni 8R02S125559. Nane ya mwanzo ni mwaka, 1968. R ni kiwanda cha San Jose, California. Ingekuwa F ingekuwa Dearborn, ingekuwa T ingekuwa Metuchen, New Jersey. 02 ni bodi ya paa linaloteremka hadi nyuma. 01 ni kupe ya kawaida (coupé, ya milango miwili), 03 ni ya paa la kukunja. S ni injini ya inchi za ujazo 390. Zinazobaki ni nambari ya mfululizo. Kwa herufi na tarakimu tano za mwanzo umeshajua gari lilizaliwa likiwa nini.

Historia ya gari hilo ndiyo somo zima la thamani. Mwaka 1974 familia moja ililinunua kwa dola 6,000 kupitia tangazo la jarida. Mama wa familia alikuwa mwalimu na aliliendesha kwenda kazini. McQueen mwenyewe aliandika barua mwaka 1977 akiomba auziwe, hawakukubali. Klachi ikaharibika, gari likawekwa, likakaa. Lilipotolewa hadharani Detroit mwaka 2018 lilikuwa na rangi yake iliyochakaa, kutu zake, na chini yake bado kuna vishikizo vilivyochomelewa kwa ajili ya kamera za filamu. Januari 2020 lilipigwa mnada Florida kwa dola milioni 3.74, ada zikiwemo. Hakuna aliyelipaka rangi. Tangazo, barua, picha za familia, vile vyuma vya kamera: kila mkono uliolishika uliacha alama inayoonekana.

Ndugu yake, 8R02S125558, lililotumika kwa mirukio ya filamu hiyo, lilipatikana Mexico mwaka 2017 likiwa karibu kugeuzwa kuwa mwigo wa gari la filamu nyingine. Lilitambuliwa kwa nambari yake. Bodi ilikuwa imeshapakwa na kukarabatiwa, na macho peke yake yasingesaidia.

Kwa Ford za 1967 na kuendelea una bahati kubwa: kumbukumbu za uzalishaji zipo, na Marti Auto Works ya Marekani inauza ripoti ya gari moja moja. Unatuma nambari, unapata rangi ya kiwandani, injini, giaboksi, tarehe ya kutengenezwa, na wilaya ya mauzo iliyoagiza. Mimi huipenda hiyo wilaya kuliko yote. Gari lililoagizwa kwa soko la nje huwa na namba ya wilaya inayoanza na 9. Kwa hiyo "lililetwa Kenya likiwa jipya kabisa" ni dai linaloweza kupimwa.

Si kila kampuni iliandika kila kitu kwenye nambari. Pontiac GTO ya 1964 na 1965 ilikuwa LeMans iliyoongezewa vitu, na nambari haitofautishi. Tangu 1966 ndipo nambari ya GTO ilipoanza na 242. Ya miaka miwili ya kwanza bila nakala ya kumbukumbu za kiwandani kutoka PHS, wanaotunza kumbukumbu za Pontiac, ni LeMans hadi ithibitishwe vinginevyo. Camaro za 1967 hadi 1969 zitakuambia kama zilizaliwa na V8, maana zinaanza na 124 badala ya 123 ya silinda sita, lakini hazitakuambia kama ni SS au Z/28, yale matoleo ya kasi. Kwa Plymouth na Dodge herufi ya tano ndiyo yenye utajiri: kwa 'Cuda ya 1970 au 1971, R ni Hemi ya inchi 426, yaani lita 7. 'Cuda ya 1971 ya paa la kukunja yenye injini hiyo iliuzwa Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Sasa fikiria ni watu wangapi wenye patasi wanaotamani herufi hiyo. Kwa magari hayo pekua chini ya springi za kiti cha nyuma. Wafanyakazi wa kiwandani mara nyingi waliacha humo karatasi ya maagizo ya gari, na karatasi iliyoliwa na panya miaka hamsini ni ngumu kuigiza.

Loresho, asubuhi moja

Mteja wangu, kijana wa programu za kompyuta, alikuwa amepatana kununua "Mustang GT 390 ya 1967, ya balozi". Tukaenda mtaa wa Loresho mimi, yeye, na msaidizi wangu Mutua. Mzee mwenye nyumba akatupokea vizuri, akampa Mutua mkono wa kwanza.

"Karibu, fundi."

"Fundi ni huyu mama," Mutua akasema.

"Aa. Karibu, mama. Na wewe utaingia chini ya gari?"

"Nitaingia, mzee. Nimekuja na ovaroli."

Mambo machache kuhusu namna ya kukagua. Nenda asubuhi, gari likiwa baridi, na sema mapema lisiwashwe. Chukua tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, penseli laini, tepe pana na karatasi nyeupe. Usianze na rangi. Rangi ndiyo kitu rahisi kununua Nairobi. Kuna vijana wa bodi Industrial Area wanaoweza kukupulizia nyekundu utakayojiona ndani yake.

Nilianza mlangoni. Kibati cha mlango wa dereva kilisema 7R01S: 1967, San Jose, kupe, injini ya 390. Vizuri. Lakini kibati kilishikwa kwa ribiti za kawaida za duka la hadiwea, zenye kichwa laini na tundu katikati, na rangi chini ya ukingo wake ilikuwa mpya kama ya nje. Vibati hivi vinatengenezwa upya Marekani na kuuzwa kwa barua. Kibati cha mlangoni peke yake si ushahidi wa kitu.

Tukafungua boneti. Kwenye Mustang za mwaka huo nambari imegongwa kwenye bati la ndani la madigadi, upande wa kushoto, na madigadi imekatwa kidogo ili isomeke. Ilikuwa imejaa rangi nyeusi. Sikuikwangua kwa bisibisi. Utaharibu ushahidi na utagombana na mwenye gari. Nilipaka kiyeyusho kidogo kwa kitambaa, nikasugua polepole, nikaweka karatasi juu na kupitisha penseli. Ikatokea: 7R01C. Herufi zenye kina sawa, mstari usiopinda, bati lisilo na alama ya kuchomelewa pembeni. Nikapitisha vidole nyuma ya bati, nikaangalia vidoto vya kuchomelea vya kiwandani. Vilikuwa mahali pake. Hiyo C ni injini ya 289 yenye kabureta ya midomo miwili.

Kisha nikahesabu boliti. Kifuniko cha vali cha 289 kinashikwa na boliti sita. Cha 390 kina tano. Nilihesabu kwa sauti ili mteja wangu asikie: sita.

Mzee alikuwa amesimama karibu. "Kwa hiyo si GT?"

"Si GT 390, mzee. Nani aliweka kibati hiki?"

Hakujua. Gari lilikuwa la kaka yake, marehemu. Lilikuwa limepelekwa kwa fundi mara moja miaka ya nyuma "kutengenezwa liwe zuri". Na balozi? Hilo neno lilitoka kwa dalali.

Logbuku nayo ilikuwa na jambo lake. Nambari ya injini iliyoandikwa ilikuwa C5AE-6015-E. Hiyo si nambari ya injini ile. Ni nambari ya umbo iliyotokea kwenye chuma wakati bloku ikimiminwa, na 6015 kwa Ford ni bloku ya injini tu. Maelfu ya injini zinaishiriki. Karani wa zamani aliona herufi kubwa zinazoonekana vizuri akazinakili. Utaikuta hii kwenye magari mengi ya kale hapa, na haimaanishi wizi. Ila usikubali mtu akuambie kwamba "nambari zinalingana" kwa sababu karatasi na bloku zinaonyesha C5AE zote mbili. Nambari zinazolingana maana yake ni kwamba bloku iliyomo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, na kwa Mustang za kawaida za kabla ya 1968 mara nyingi Ford haikugonga nambari ya gari kwenye injini. Hapo unategemea tarehe: msimbo wa siku bloku ilipomiminwa lazima utangulie tarehe gari lilipotengenezwa, kwa wiki chache, si kwa miaka, na usije baada yake.

Nilipoingia chini niliona kazi ya kuhamisha usukani. Ilifanywa vizuri: sanduku la usukani limefungwa kwenye fremu kwa bati la kuimarisha, matundu ya kushoto yamezibwa bila kukata bati lenye nambari. Wengine hukata. Likikatwa, gari limepoteza jina lake.

Tukiwa tunakunywa chai mzee aliingia ndani, akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na hati ya meli ya kutoka California hadi Mombasa, risiti ya ushuru wa forodha, kijitabu cha logbuku, na picha ya kijana mwenye afro ameegemea gari hilo hilo, likiwa samawati, usukani ukiwa kushoto. Kaka yake alikuwa amesoma huko, akalinunua likiwa limetumika, akarudi nalo nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 70. Ripoti ya Marti ilipokuja ilisema vivyo hivyo: rangi ya samawati, wilaya ya mauzo Los Angeles.

Mteja wangu alinunua. Hakulipa bei ya GT, na mzee hakuuza kwa bei ya gari lisilo na mwenyewe.

Kufikia bei

Hakuna bei ya soko Nairobi kwa gari ambalo yapo machache kiasi hiki. Bei ya dalali ni ile aliyoisikia mnadani Marekani, kisha akaigeuza kuwa shilingi. Mimi huanza na gari la namna ile ile hasa: mwaka huo, bodi hiyo, herufi hiyo ya injini, hali hiyo, kama linavyouzwa Marekani. Siyo Mustang tu. Kupe ya C na GT ya S zinaweza kuonekana mapacha barabarani, na bei zao hazikutani. Tuseme, kwa mfano tu, kupe ya C iliyo katika hali nzuri ni dola 28,000. Hicho ndicho kikomo cha juu, kisha unaanza kutoa.

Toa kwa ajili ya usukani uliohamishwa, maana mnunuzi wa nje atataka kuurudisha. Toa kwa injini isiyothibitika. Toa kwa rangi isiyo ya kiwandani, lakini kidogo. Toa kwa kutu, na hapa Nairobi tuna bahati ya hewa kavu. Gari lililoishi Mombasa likague sakafu, chini ya kioo cha mbele na ndani ya vizingiti vya milango, mahali ambapo sumaku ikigoma kushika ujue ni pati, si bati. Toa kwa vipuri vinavyokosekana, hasa vile vidogo vya mapambo, maana injini ya 289 utapata vipuri vyake kwa kuagiza lakini nembo sahihi na vioo vya taa vinaweza kukumaliza. Injini kuwa nzito kidogo kupanda Waiyaki Way usiipunguzie sana. Tuko mita 1,700 na ushee juu ya bahari, na kabureta iliyopangiwa pwani ya California itatoa mafuta mengi mno kwa hewa iliyopo hadi ibadilishiwe jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta.

Halafu kuna kinachorudishwa juu. Mnyororo kamili wa wamiliki wenye karatasi, kwangu mimi, unafuta zaidi ya nusu ya ninachotoa kwa ajili ya usukani na rangi. Gari lisilokarabatiwa lakini zima mimi hulipatia alama nyingi kuliko lililofanywa jipya na mtu asiyejulikana, na hapa nabishana na mafundi kila siku. Kombe la Concours d'Elegance, shindano la magari yaliyotunzwa vizuri ambalo limekuwapo tangu 1970 na uwanja wake unaojulikana ni Ngong Racecourse, linasaidia, hasa ukiwa na karatasi ya alama ya majaji: wanachungulia mpaka chini ya gari, kwa hiyo karatasi hiyo ni ukaguzi wenye tarehe.

Gari lenye kibati cha uongo linapoteza zaidi ya tofauti ya injini. Mnunuzi mwenye akili akiona S ya mlangoni na C ya kwenye bati atajiuliza ni nini kingine kimeguswa. Mzee wa Loresho tulimshauri akitoe kibati kile mbele yetu, akiweke kwenye bahasha, na makubaliano ya mauzo yaeleze kiliondolewa na kwa nini.

Kulipa na kuhamisha

Usilipe yote kabla ya uhamisho. Kwa gari la marehemu, msimamizi wa mirathi ndiye anayesaini, na wakili wako aione hati iliyothibitishwa, asione "barua ya chifu" tu. Uhamisho ufanywe kwenye akaunti ya eCitizen ya muuzaji mwenyewe, mkiwa mmekaa pamoja. Wa Loresho ulichukua muda kwa sababu mahakama ina kasi yake, na fedha zilikaa kwa wakili hadi jina likabadilika. Kama injini kwenye rekodi ina nambari ya umbo, omba irekebishwe wakati huo huo kupitia ukaguzi, usiache hadi siku polisi atakapokusimamisha.

Bima usichukue ile ya thamani ya soko. Ajali ikitokea utaambiwa gari la miaka hamsini na kitu halina thamani. Omba thamani mliyokubaliana, iandikwe kwenye hati ya bima, na uambatishe ripoti ya mkadiriaji, picha za nambari zote, ile karatasi ya penseli, na ripoti ya kiwandani. Nakala moja iweke mbali na nyumbani. Mteja wangu aliweka ya kwake kwa dada yake Nakuru, na mkebe wa biskuti akaomba apewe pia. Mzee alikubali, akabakisha picha ya kaka yake.